Mashine ya Leza na Mashine ya Vinaili: Kikundi Kianze Wapi?

Siku hizi ukitembelea vikundi utaulizwa swali moja mara kwa mara. "Tumesikia kuna mashine ambayo ukiipa mchoro kwa kompyuta inakukatia mbao kama karatasi. Je, tukitoa akiba yetu tukainunua, itatulipa?" Wanaouliza zaidi ni vijana, lakini hata vikundi vya akina mama vimeanza, kwa sababu wameona zawadi za harusi, vibao vya majina mlangoni mwa ofisi na stika za matatu, wakaambiwa kwamba kazi hiyo yote siku hizi inafanywa na mashine.

Jibu fupi ni hili: jifunzeni kuchora kwanza, mkatiwe na mtu mwenye mashine tayari, na akiba iacheni pale ilipo mpaka hesabu iseme. Jibu refu linahitaji tuelewe mashine zenyewe, kwa maana mtu hawezi kupiga hesabu ya kitu asichokijua.

Mashine ni mbili, si moja

Watu wengi huzichanganya. Mashine ya leza hukata kwa mwanga. Mashine ya vinaili hukata kwa kisu. Bei zao ni tofauti, hatari zao ni tofauti, na kazi zao ni tofauti.

Tuanze na leza. Mwanga wa taa ya kawaida husambaa pande zote, lakini wa leza huenda pamoja kama maji ndani ya paipu. Ukiupitisha kwenye lenzi unajikusanya mahali padogo kama ncha ya sindano, na joto la hapo huchoma vitu vingi. Mtu aliyewahi kuwasha jani kavu kwa kioo cha kukuza na jua la saa sita ataelewa mara moja. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Miaka minne baadaye, 1964, mtaalamu aliyezaliwa India, Kumar Patel, akatengeneza ile inayotumia gesi ya kaboni dayoksaidi, hewa ile ile tunayoitoa tukipumua. Hiyo ya gesi ndiyo utakayoikuta katika karakana nyingi za kukata mbao na plastiki. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Kuna pia leza ndogo za mwanga wa buluu, bei yake ni nafuu, lakini hukata polepole na haziwezi kukata plastiki inayopitisha mwanga kama kioo, maana mwanga wa buluu hupenya tu na kwenda zake.

Leza ya gesi ya karakana ndogo hukata plaiwudi nyembamba, karatasi, kadibodi, kitambaa, mpira wa kutengenezea mihuri na ile plastiki ngumu iitwayo akriliki. Pia huandika juu ya vitu hivyo bila kuvikata, pamoja na kukwaruza kioo na mawe. Lakini haikati bati wala chuma. Mwenye kuwaambia kwamba leza ya wati 40 au 60 itawakatia mageti, mwacheni aende.

Mashine ya vinaili ni kitu cha upole zaidi. Ina kisu kidogo chenye ncha, na rola zinazovuta karatasi mbele na nyuma huku kisu kikienda kushoto na kulia. Inakata ile karatasi ya plastiki yenye gundi nyuma, ambayo sisi twaijua kama stika. Herufi kwenye milango ya magari, majina ya maduka kwenye vioo, na ule mstari wa manjano ambao matatu zilianza kulazimishwa kuwa nao mwaka 2004, mara nyingi zimetoka kwa vinaili. Inatumia stima kidogo sana, kiasi kwamba betri ya sola yenye inveta ndogo yatosha kuiendesha. Kwa kikundi cha kijijini hilo si jambo dogo.

Kazi yenyewe ni mchoro

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu vikundi vingi hupaharakisha. Mashine haina akili. Inafuata mstari uliouchora, hata kama mstari huo ni upuzi. Kwa hiyo mtu wa maana katika mradi huu ni yule anayejua kuchora kwa kompyuta kuliko mwenye mashine, na kujifunza kuchora hakuhitaji mtaji mkubwa. Kuna programu iitwayo Inkscape ambayo haiuzwi. Unaiweka kwenye kompyuta yoyote ya kawaida bure na kuitumia bure. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, akipata kompyuta ya shule au ya saiba mara mbili kwa wiki, baada ya miezi miwili au mitatu anaweza kuchora kazi ya kuuzwa.

Jambo la kwanza kufundishwa ni tofauti ya picha na mstari. Picha ya simu imejengwa kwa vidoa vidogo vidogo vya rangi, kama mkeka uliosukwa kwa ukindi wa rangi nyingi. Ukiikuza sana unaona vidoa. Mashine ya kukata haiwezi kufuata vidoa; inataka mstari, yaani maelezo kama "toka hapa, nenda pale, pinda hivi". Ndiyo maana ukimpelekea fundi picha ya nembo yenu uliyoipiga kwa simu atakuambia aichore upya, na atawatoza. Vidoa vyatosha tu kwa kazi ya leza ya kuandika juu ya mbao, ambapo mashine huenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja.

Jambo la pili ni maandishi. Ukiandika jina la kikundi kwa aina ya herufi iliyo kwenye kompyuta yako, kisha upeleke faili mjini ambako herufi hizo hazipo, kompyuta ya fundi itaweka herufi nyingine bila kukuuliza. Dawa yake ni kuyageuza maandishi kuwa mistari kabla ya kuhifadhi. Inkscape ina amri ya kufanya hivyo. Lakini ukishageuza huwezi tena kusahihisha neno lililokosewa, kwa hiyo weka nakala mbili: moja ya kusahihisha, moja ya kukata. Na kabla ya kugeuza, mpe mtu mwingine asome. Nimeona kibao kizuri cha plaiwudi kilichoandikwa "Kikundi cha Maendeleo" bila ile "l". Mbao ikishakatwa haina raba.

La tatu ni mistari inayopandana. Ukichora duara na mstatili vikaingiliana, wewe kwa macho unaona umbo moja, lakini mashine inaona mawili na itakata hata ile mistari ya ndani. Lazima uyaunganishe yawe umbo moja.

Na ukimtumia fundi kazi kwa WhatsApp, mtumie kama faili, si kama picha. Ukituma kama picha mistari yote inapotea na kinachofika ni vidoa. Ni kitu kidogo, lakini kimepotezea watu nauli nyingi.

Mfano wa kwanza: stensili ya mizinga na magunia

Ukiniuliza kikundi kianze na nini, nitasema stensili. Hiki ni kipande chenye matundu ya umbo la herufi. Unakiweka juu ya mzinga, gunia au debe la maziwa, unapitisha rangi kwa sponji, unaondoa, na jina limebaki. Kikundi chenye mizinga 60 kikiwa na jina na namba kwenye kila mzinga kinaweka kumbukumbu vizuri: mzinga upi umetoa asali kiasi gani, upi umehamwa, na hata mwizi huogopa kubeba kitu chenye jina.

Stensili ya kutumiwa mara nyingi hukatwa kwa leza kutoka kwa plaiwudi ya milimita 3 au karatasi nene ngumu. Ile ya kutumiwa mara moja, kwa kazi safi kama ubao wa zahanati, hukatwa kwa vinaili: unaibandika, unapaka rangi, unabandua rangi ikiwa bado haijakauka kabisa.

Sasa kuna jambo moja la stensili ambalo usipolijua utatupa mbao. Fikiria herufi O. Ukikata duara la nje, katikati yote inaanguka, na unabaki na tundu tu. Ukipaka rangi unapata doa, si O. Ile sehemu ya ndani inahitaji kushikwa na vijidaraja viwili, juu na chini. Ni hivyo hivyo kwa A, B, D, P na R, na kwa namba 0, 4, 6, 8 na 9. Angalia maandishi yaliyopigwa kwenye magunia na masanduku ya mizigo utaviona vijidaraja hivyo, si urembo. Kwa plaiwudi, daraja lisipungue upana wa milimita 3, la sivyo litavunjika siku ya pili. Vinaili haina shida hiyo kwa sababu kila kipande kina gundi yake na kinashika chenyewe.

Kikundi cha wafuga nyuki kikifika kwenye kuuza asali, vinaili inafaa pia kwa jina la kikundi kwenye kioo cha duka au sanduku la kuonyeshea. Kwa lebo za chupa mia tatu, kusema kweli, nendeni kwa mpiga chapa. Vinaili ni kazi ya mkono na itawachosha. Na nyinyi mnaouza, angalieni jambo moja: alama ya ubora ya KEBS haichorwi na kikundi. Hutolewa kwa kibali baada ya bidhaa kupimwa. Kijana akijua kukata stika asije akawakatia alama hiyo kwa nia njema, kwa kuwa mbele ya sheria hiyo ni bidhaa bandia. Nembo za timu za mpira na za kampuni pia zina wenyewe.

Jinsi kazi ya vinaili inavyofanywa

Vinaili ina tabaka mbili: plastiki yenye gundi juu na karatasi laini chini. Kisu kinatakiwa kikate ya juu tu. Kabla ya kila kazi kata kijimraba kidogo pembeni na ukibandue kwa ukucha. Kikitoka safi na karatasi ya chini ina alama hafifu tu, kisu kiko sawa. Karatasi ikitoboka, punguza urefu wa kisu au nguvu yake.

Baada ya kukata huja kazi ambayo mafundi huiita kupalilia, na jina limefaa: unang'oa plastiki yote isiyotakiwa na kuacha herufi. Akina mama waliozoea kushona huimudu haraka kuliko vijana wa kompyuta. Herufi zikiwa fupi kuliko milimita 6 hivi, palizi inakuwa mateso na nyingi zitang'oka, basi msiahidi mteja maandishi madogo. Kisha unabandika juu yake tepu ya kuhamishia, unasugua kwa kadi ngumu, unainua, na herufi zote zinakuja kwa mpangilio wake. Mahali pa kubandika poshwe kwa sabuni na pakauke vizuri. Vumbi letu hili likiwa chini ya herufi, stika haitamaliza mvua moja. Vinaili ya bei nafuu hukaa nje miaka mitatu mpaka mitano hivi. Ile bora hufika saba na zaidi. Mteja aambiwe amenunua ipi.

Fulana zina vinaili ya aina yake, ya kuyeyushwa kwa joto. Hiyo hukatwa ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, na hubandikwa kwa mashine ya joto kama nyuzi 150 kwa sekunde 10 hadi 15, kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji. Pasi ya makaa haifai, kwani joto lake halipimiki na upande mmoja utashika, mwingine utabanduka kwenye beseni la kufulia.

Mfano wa pili: herufi za chekechea

Huu ni mradi wa leza, na nimeuchagua kwa sababu shule za chekechea ziko kila mahali na vifaa vya kufundishia ni haba. Ni herufi za mbao ambazo mtoto anashika, anapapasa, anapanga maneno.

Plaiwudi ya milimita 3 huuzwa kwa ubao wa futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Ukiukata vipande vya sentimita 40 kwa 30 unapata vipande 24, na kipande kimoja kinaingia hata kwenye mashine nyingi ndogo. Ukipa kila herufi nafasi ya sentimita 5 kwa 6, kipande kimoja kinabeba safu 5 za herufi 8, jumla 40. Herufi za Kiswahili bila Q na X ni 24. Zinabaki nafasi 16. Hapo msijaze ovyo. Jaribuni kupanga "mama anapika" kwa herufi moja moja na mtaona: A inaisha mara moja. Kwa hiyo ongezeni A nne, I tatu, U mbili, N mbili, na moja moja ya K, M, E, O na W. Jumla ni 16, na kipande kimoja cha mbao kimekuwa seti moja kamili. Ubao mmoja, seti 24.

Kabla ya kukata, bandikeni tepu ya karatasi juu ya mbao, ile ya wapaka rangi, ili moshi usiache madoa. Baada ya kukata, kingo huwa nyeusi kwa masizi. Zisuguliwe kwa msasa na kupanguswa mpaka kitambaa cheupe kisichafuke. Rangi iwe ile isiyo na madini ya risasi. Na msizifanye herufi kuwa ndogo zaidi ili mpate nyingi. Mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni, na kipande kisichofika sentimita 4 kinaweza kumkaba.

Kama baadaye mtatengeneza kisanduku cha kuwekea herufi hizo, chenye meno yanayoshikana pembeni, kumbukeni kwamba mwanga wenyewe una unene. Unapopita unakula kama sehemu mbili za kumi za milimita. Tundu ulilochora milimita 3 kamili litatoka 3.2, na mbao ya milimita 3 itacheza ndani. Ukilichora 2.8 itaingia kwa kukaza. Tena plaiwudi ya "tatu" dukani si lazima iwe tatu; ipimeni kwa kalipa. Fundi mwenye busara hukata kwanza kijiti cha majaribio chenye matundu ya 2.6, 2.7, 2.8, 2.9 na 3.0, anajaribu mbao katika kila moja, ndipo anachora sanduku.

Sasa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Nyinyi wekeni za soko lenu. Tuseme fundi anatoza shilingi 20 kwa dakika na seti moja inachukua dakika 12: hiyo ni 240. Ubao wa shilingi 1,800 ukigawanywa kwa 24 ni 75. Msasa na mfuko, 40. Nauli ya kwenda na kurudi mjini 600, ukigawa kwa seti 24, ni 25. Na sasa kile kitu ambacho vikundi husahau: mikono ya wanaosugua. Wekeni 70. Jumla ni 450. Mkiuza kwa 600 mnabaki na 150 kwa seti, na kwa ubao mzima 3,600. Mweka hazina akiondoa ile 70 ya mikono kwenye kitabu, faida itaonekana ni 220, kila mtu atapiga makofi, na mwisho wa mwaka akina mama watajiuliza kwa nini wamechoka na hawana kitu.

Mnunue?

Tuendelee na mfano ule ule. Tuseme mashine ya leza, pamoja na feni ya moshi na usafiri, imewafikia kwa shilingi 180,000. Mkiwa nayo hamlipi tena 240 kwa fundi. Lakini mnalipa stima, lenzi, vioo na posho ya anayeikalia. Tuseme mnaokoa 200 kwa kila seti. 180,000 ukigawa kwa 200 ni seti 900. Hata kila chekechea ikinunua seti tano, mnahitaji shule 180 ili mrudishe tu pesa ya mashine. Katika wadi yenu kuna shule ngapi?

Na kuna gharama ambayo muuzaji haitaji. Leza ya gesi ina bomba refu la kioo, na bomba hilo lina umri wake kama balbu. Yale ya bei nafuu mara nyingi huchoka baada ya saa elfu moja au mbili za kazi. Lazima lipozwe kwa maji safi yanayozunguka. Maji yakisimama, au yakipata joto sana, bomba hupasuka. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, kama tunavyoijua, vifaa vya umeme vya mashine viko hatarini. Na mashine inayotoa wati 40 za mwanga hula wati mia kadhaa za stima, ukijumlisha feni na pampu. Ile sola ya kuchaji simu haitaitosha.

Vinaili ni hesabu nyingine. Mashine ni nafuu zaidi, kinachoisha ni visu, na kazi ya mabango, milango ya magari na fulana za sherehe ipo hata katika soko dogo. Kikundi kilichokwisha kupata oda za kila mwezi kwa muda wa miezi sita, kwa kukatiwa na wengine, kinaweza kufikiria kununua. Kisichokuwa na oda hizo kisinunue kwa matumaini kwamba mashine ikija wateja watakuja.

Kuna njia ya tatu, ya kutumia karakana ya pamoja. Katika kijiji cha Pabal, jimbo la Maharashtra huko India, kuna shule ya ufundi iitwayo Vigyan Ashram iliyoanzishwa mwaka 1983. Mwaka 2002 ilipata karakana ya aina iitwayo Fab Lab, mpango uliotoka chuo cha MIT cha Marekani, ambapo mashine kama hizi hutumiwa na wanafunzi na watu wa kijiji kwa zamu. Ilikuwa moja ya za kwanza nje ya Marekani, na wala haikujengwa katika mji mkuu. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana ya aina hiyo. Ulizeni pia katika chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi kama kuna mashine. Wakati mwingine ipo imefunikwa kitambaa kwa kukosa kazi, na mkuu wa idara atafurahi kupata watu wenye kazi ya kweli ya kuwafundishia wanafunzi.

Hatari ambazo haziko kwenye tangazo

Kubwa ni PVC. Hii ni plastiki ya kawaida sana: paipu za maji, ngozi bandia nyingi za viti, na vinaili nyingi za stika zenyewe. Leza ikiichoma hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa pua, koo na mapafu inakuwa asidi. Inachoma kifua cha mtu na inatia kutu kila chuma cha mashine. Kwa hiyo msikubali kamwe wazo la kijana mwerevu kwamba "si tukate stika kwa leza, ni haraka zaidi". Stika ni za kisu. Leza ni ya mbao.

Kama hamjui plastiki fulani ni nini, kuna kipimo cha zamani. Nje, penye upepo, shika waya wa shaba kwa koleo, upashe moto mpaka uwe mwekundu na mwali usiwe na rangi, uguse plastiki, kisha urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini ndani. Hiyo haiingii kwenye leza. Msivute moshi wake. Ngozi ya dukani iliyoiva kwa dawa za kromiamu pia iepukwe. Ile iliyoiva kwa magome ya miti ndiyo inayofaa. Hata moshi wa MDF si wa kuvuta, kwa sababu ya gundi iliyomo. Feni itoe moshi nje ya ukuta, mbali na dirisha la jirani.

Ya pili ni moto. Mashine inachoma mbao kwa kazi yake ya kila siku. Siku moja mbao itaendelea kuwaka. Anayeiendesha asitoke kwenda kununua mandazi. Kizima moto cha gesi ya kaboni kiwe mkononi, na makombo yaondolewe chini ya mashine kila jioni.

Ya tatu ni macho na umeme. Mfuniko usifunguliwe mwanga ukiwaka, na swichi inayozima mwanga mfuniko ukifunguka isifungwe kwa waya ili "kazi iende haraka". Leza ndogo za buluu ambazo hazina mfuniko ni mbaya zaidi, kwani mwanga wake hupita ndani ya jicho mpaka nyuma, na macho yaliyoungua hivyo hayaponi. Miwani ya jua haisaidii. Inatakiwa miwani iliyotengenezwa kwa rangi ile ile ya mwanga. Na nyuma ya leza ya gesi kuna umeme wa maelfu ya volti, unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Hapo afungue fundi anayejua, si katibu wa kikundi.

Siku ya kwenda kwa fundi

Nendeni wawili, mmoja aliyechora na mmoja wa fedha. Bebeni faili kwenye flashi, na karatasi yenye vipimo kwa milimita, maana kompyuta mbili zinaweza kuifungua faili moja kwa ukubwa tofauti. Mwambieni fundi afungue mchoro na apime upana wake mbele yenu kabla ya kukata. Ulizeni anatoza kwa dakika au kwa kipande, na kama mbao ikiharibika kwa kosa la mashine ni ya nani. Akate kipande kimoja kwanza. Kikiwa sawa, mwandike kwenye daftari nguvu na kasi aliyotumia, aina ya mbao na dakika zilizotumika, kisha katibu ayahifadhi maandishi hayo pamoja na ile nakala ya faili ya kusahihisha, si kwenye simu ya mtu mmoja ambaye kesho anaweza kuhamia Mombasa.